Marehemu Wenye Mashamba

Nilijifunza Python nikiwa nimeshachoka. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akadhani nitasimulia habari za kijana aliyependa kompyuta tangu utotoni. Nilikuwa mama mtu mzima, nimefundisha hesabu sekondari mpaka sauti ikakwaruza, miguu inavimba kila jioni, na miwani yangu ya kusomea haikunisaidia tena kusoma. Kampuni moja ilikuwa imepewa kazi ya kusafisha taarifa za mashamba ya vijiji vya bonde letu la Kilombero kabla ya kuchapisha hati za kimila, zile karatasi za kijiji zinazosema shamba hili ni la nani. Walitaka mtu wa Ifakara anayejua hesabu na anayeweza kukaa kwenye kiti kutwa nzima. Kukaa naweza. Wakanichukua.

Chumba tulichopewa kilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, mabati juu, dari hakuna. Ikifika saa nne asubuhi unatamani kuvua ngozi. Feni ilikuwepo, ila umeme wa pale ulikuwa unakuja na kuondoka bila kuaga, na kila ukikatika tulitazamana tu, hata kulaani tuliacha. Tulikuwa watu wachache: bosi wetu, mwanamume mpole aliyetoka Morogoro mjini, dada mmoja wa ramani aliyeziba masikio yake kwa muziki tangu asubuhi mpaka jioni, na mimi.

Programu niliyoikuta iliandikwa na fundi aliyekuwa ameshaondoka. Ilikuwa safi, imepangwa vizuri, na haikufaa. Mashamba yote alikuwa ameyatia kwenye kamusi. Kamusi ya Python si kitabu, ni namna ya kuhifadhi vitu viwiliviwili: unaipa ufunguo, nayo inakupa kilichowekwa chini ya ufunguo huo. Yeye aliona ufunguo uwe jina la mwenye shamba. Ukiandika jina, unaletewa shamba. Nadhani huko alikotoka kila mtu ana shamba moja na jina lake peke yake.

Kwetu mtu ana jaruba la mpunga bondeni na kipande cha mahindi huku juu kusikofurika, na wakati mwingine ana kingine alichoachiwa na shangazi yake. Na majina ndiyo usiseme. Kila mjukuu wa kwanza kapewa jina la babu yake, kwa hiyo kitongoji kimoja kinaweza kuwa na watu kadhaa wanaoitwa vilevile mpaka jina la ukoo. Sasa kamusi haikubali ufunguo ule ule mara mbili. Ukiiletea shamba la pili kwa jina lililokwishaingia, haipigi kelele, haikuulizi kama una uhakika. Inalifuta la kwanza, inaweka la pili, inaendelea na safari. Dada wa ramani alikuwa akitoa sikio moja kwenye muziki na kuniambia kwamba yeye ana vipande vingi kuliko mimi nilivyo na wenye vipande, halafu anarudi kwenye muziki wake.

Nikaigeuza. Nikafanya ufunguo uwe namba ya shamba, kwa sababu shamba halihami na namba yake haifanani na nyingine, na jina la mtu nikaliweka ndani, mahali pa kitu kinachoweza kubadilishwa. Kuisema ni sentensi moja. Kuifanya ilinichosha kuliko miaka ya kusahihisha mitihani, maana ilibidi nirudie kila kipande kilichofutwa, nikitafute kwenye karatasi za waandikishaji, nikirudishe mahali pake. Bosi alisifu. Mimi nilitaka kulala tu.

Baada ya kamusi zikaja seti. Seti ni rahisi, hata mwanafunzi mvivu huielewa: ni mkusanyiko ambao kila kitu kinaingia mara moja tu, na hauna mpangilio. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Uzuri wake ni kwamba ukiwa na seti mbili unaweza kuiuliza Python ni akina nani wamo kwenye zote mbili, na inakujibu papo hapo. Seti ya kwanza ilikuwa ya wamiliki wa mashamba, kila mmoja kwa jina, kitongoji na shamba lake ili watu wasichanganywe. Seti ya pili ilikuwa ya marehemu, kutoka kwa watendaji wa vijiji, nao wameandikwa kwa namna hiyo hiyo. Hati haichapishwi kwa jina la mtu aliyefariki. Ikitokea mtu yumo kwenye seti zote mbili, shamba lake linarudishwa kijijini, likasomwe mkutanoni, na familia iseme nani ataandikwa. Tulitegemea majina machache, watu waliofariki juzijuzi baada ya kuandikishwa.

Nikaandika mstari wenyewe, mfupi kabisa, wamiliki na marehemu na alama moja katikati. Nikabonyeza.

Skrini ikajaa. Nikateremsha, ikajaa tena. Bosi akaja akasimama nyuma ya kiti changu, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa.

"Hapa kuna kosa," akasema. "Umekosea mahali."

"Sijakosea."

"Marehemu wote hawa wanalima?"

"Wanalima wake zao."

Akavuta kiti. Ikabidi nimweleze, na nilivyokuwa nimechoka siku hiyo nilieleza vibaya, nikirukaruka. Nilimwambia kwamba mjane wa bonde hili ukimwendea na kumuuliza mwenye shamba ni nani, atakutajia mumewe. Hatakwambia amefariki mpaka umuulize. Waandikishaji walikuwa vijana wageni, wana kishikwambi mkononi na jua kichwani. Waliuliza mwenye shamba ni nani, wakajibiwa, wakaandika, wakapita. Hakuna aliyewadanganya. Wale wanawake walijibu kama wanavyojibu siku zote.

"Lakini amekufa," bosi akasema.

"Amekufa, ndiyo."

"Sasa?"

"Sasa shamba analo bado."

Alicheka, lakini alipoona sicheki akaacha. Nikamwambia kwamba mke wa mtu hasukumwi. Akiwa analima kwa jina la mumewe, yeye ni mke anayelinda cha mumewe, na hata shemeji mwenye tamaa anapita pembeni na kusalimia. Siku akisema shamba ni langu, amekuwa mwanamke mwenye ardhi, na wataanza kuja mmoja mmoja, kwanza wakiulizia hali. Bosi alisikiliza, kisha akasema sheria inamruhusu mwanamke kumiliki ardhi kama mwanamume. Nikasema najua. Sheria ninaijua, na mashemeji ninawajua pia.

Alipoondoka nikaendelea kuteremsha yale majina. Nimesema seti haina mpangilio. Kama ingekuwa nayo ningejua mapema ninakoelekea, ningejiandaa. Nikamkuta baba yangu katikati ya watu wa vijiji vingine ambao hata hakuwafahamu, jina lake lote, kitongoji chetu cha kijijini Michenga, na shamba lake la mpunga. Mama alikuwa amemtaja kama wenzake walivyotaja wa kwao.

Nikaacha kuteremsha. Baba yangu alikuwa ameshazikwa kitambo, nilishalia, nilishamaliza, au nilidhani. Kumkuta pale kwenye skrini ya kazini, ameandikwa kama mtu aliyekwenda kuangalia maji shambani na atarudi, kuliniuma mahali ambapo sikujua bado pana maumivu.

Kisha nikafikiria baba mdogo, na maumivu yakawa hofu. Baba mdogo ni mdogo wake baba wa kumfuata. Tangu matanga yalipoanuliwa alikuwa akifika kwa mama, anakaa kwenye kigoda, anauliza kama shemeji ataweza kulima peke yake, kama hachoki, kama isingekuwa vizuri apumzike. Lile shamba linapata maji mapema na linakauka mwishoni, hakuna asiyelijua. Mama akimjibu kila mara kwamba shamba ni la kaka yako, muulize yeye. Jibu hilo lilikuwa limemtosha muda wote. Sasa mstari mmoja wa Python ulikuwa unakwenda kulipeleka shamba mkutanoni, likasomwe kwa sauti mbele ya baba mdogo kwamba halina mwenyewe aliye hai. Na mama hana kingine. Mpunga ule ndio anaokula, na ndio uliotusomesha sisi.

Kuna amri ya kutoa kitu kwenye seti kimyakimya. Inaitwa discard. Ukiipa jina, jina linatoka, na hata kama halikuwemo haisemi neno. Ningemtoa baba kwenye seti ya marehemu, hati ingechapishwa kwa jina lake kama vile yu hai, na hakuna ambaye angejua. Niliiangalia hiyo nafasi kwa muda. Sikufanya. Ningependa kusema ni uadilifu, lakini kwa kweli nilikuwa nimechoka mno kubeba na hilo. Nikamfuata bosi nikamwambia humo ndani yumo baba yangu mzazi. Akanitazama, akasema pole, akasema atapita mkutanoni kama wengine. Nikasema sawa.

Jumamosi nikachukua bodaboda kwenda Michenga. Mvua zilikuwa zinaishia, barabara bado ina madimbwi, na dereva alikuwa anayapita kwa mbwembwe mpaka nikamwambia mwanangu mimi si gunia. Mama nilimkuta shambani, juu ya dungu, kile kichanja cha miti cha kulindia, anaamia ndege. Mpunga ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa na ndege hawana dini. Alikuwa na kamba ndefu zilizofungwa makopo, anavuta huku, anavuta kule, anapiga ukelele, ananyamaza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umekonda?"

Nikapanda. Sijui nilipandaje na magoti haya. Tukakaa, yeye anavuta kamba, mimi namweleza. Nilimwambia mkutano utaitishwa, baba atatajwa kuwa ni marehemu, na familia itaulizwa. Nikamwomba asisubiri kuulizwa. Siku ile asimame mwenyewe na kusema shamba liandikwe jina lake, kabla baba mdogo hajafungua mdomo.

Akavuta kamba. Makopo yakalia upande wa mbali, ndege wakaruka wote kwa pamoja, wakatua pembeni kidogo.

"Nani kawaambia wamtaje?" akauliza.

"Kompyuta, mama. Hairuhusu marehemu."

"Na mbona siku zote ilimruhusu?"

Nikajaribu kumfafanulia. Nilimwambia kwamba mwanzo mashamba yalihifadhiwa kwa jina la mtu, jina ndilo lilikuwa ufunguo, na ufunguo lazima uwe kitu kisichobadilika. Akafurahi kusikia hivyo.

"Basi mimi nilichagua vizuri," akasema. "Kuna asiyebadilika kama baba yako? Hata alipokuwa mzima."

"Ndiyo, lakini imegeuzwa. Sasa ufunguo ni namba ya shamba. Mtu anakaa ndani tu, anaweza kubadilishwa."

"Nani kageuza?"

"Mimi."

Akanigeukia. Macho ya mama yameanza kuwa na ukungu, lakini yakikutazama unajua umetazamwa.

"Mwanangu una kazi mbaya," akasema, akaendelea na ndege wake.

Nilikasirika. Nilikuwa nimetoka mjini na mgongo unauma, nimekuja kumwokoa, na yeye ananiambia habari za kazi mbaya. Nikamwambia kwa sauti kwamba baba hayupo, mama, hayupo, na kulitaja jina lake hakumrudishi. Nikamwambia atakuja kufukuzwa kwenye shamba hili huku anamtaja. Nilipomaliza nilikuwa nahema. Yeye akaniachia kamba mkononi, akashuka kwenye dungu taratibu, akaenda kuchuma matembele ya mboga. Tulikula ugali na perege wa kukaanga, hatukulizungumza tena. Wakati wa kuondoka alinifungia mchele kwenye kitambaa kama kawaida. Nililia njia nzima nyuma ya bodaboda, na dereva, Mungu ambariki, hakugeuka.

Bosi wetu alikuwa na utaratibu wake ambao mwanzoni niliona unatuongezea kazi bure. Hakutaka majina yabadilishwe Ifakara, chumbani kwetu, kwa karatasi zilizotumwa. Alitaka twende kijijini na kompyuta, mkutano ukiamua shamba, mwenye shamba aje mezani, akae, aone kwa macho yake jina likiingia, na asiyejua kusoma asomewe na jirani anayemwamini. Alisema amechoka kurudiwa na watu wenye hati zenye majina ya kubuni. Kwa hiyo siku ya Michenga tulikwenda, tukaweka meza kwenye kivuli cha ukuta wa ofisi ya kijiji, kompyuta ikiwa imechajiwa usiku kucha, mimi nyuma yake.

Watu walikuwa wengi. Wanawake upande mmoja na kanga zao, wanaume upande mwingine wakiwa wameegemea baiskeli. Baba mdogo alikuwa mbele kabisa, amevaa koti. Nikamwendea nikamwamkia shikamoo baba, akaitikia marahaba mama, za mjini. Sauti yake ilikuwa ya upole. Siku zote huwa ya upole, ndiyo maana nilikuwa namwogopa.

Mtendaji akaanza kusoma mashamba yenye wamiliki marehemu. Akitaja jina, familia inasimama, wanasema, wajumbe wa baraza la ardhi wanasikiliza, wanaamua. Mwanzo ilikwenda vizuri. Kaka mmoja akaandikwa kwa niaba ya wadogo zake. Mjane mmoja akasimamiwa na wanawe. Mwingine alisimama akakosa la kusema, akakaa, shamba lake likasogezwa mwisho.

Likatajwa jina la baba.

Kabla mtendaji hajamaliza kusoma namba ya shamba, mama akasema kutoka katikati ya wanawake, "Nipo."

Watu wakacheka. Ni kweli ilichekesha, jina la mwanamume limeitwa na bibi kizee anaitikia kama mtoto wa shule. Mtendaji naye akatabasamu, akasema mama, nimemwita marehemu. Mama akasimama. Hakuwa amevaa chochote cha kikao, alikuwa na kitenge chake cha shambani.

"Nimesikia uliyemwita," akasema. "Huyo akiitwa huwa naitikia mimi. Akiitwa kwenye mfereji naitikia mimi. Akiitwa kuamia ndege naitikia mimi. Mmeita, nimekuja."

Kicheko kikaisha.

Baba mdogo akasimama. Akaomba radhi, akawasalimu wajumbe, akasema hana ugomvi na shemeji yake. Akasema shemeji alime mpaka Mungu atakapomwita, hakuna wa kumfukuza. Ila karatasi ni karatasi, na shamba ni la ukoo, na yeye ndiye ndugu wa kiume aliyebaki, kwa hiyo hati iandikwe jina lake yeye kama msimamizi, ili lisije likapotea. Alisema vizuri sana. Baadhi ya wanaume walitikisa vichwa kukubali. Nilikuwa nyuma ya meza ya mradi, sikuruhusiwa kusema.

Mjumbe mmoja mwanamke, nadhani ndiye mkubwa kwa umri pale, akauliza wapakani ni akina nani. Huo ndio utaratibu, kila shamba lina majirani wa mipaka, na wao huulizwa. Wakasimama. Mmoja alikuwa mvuvi anayelima kidogo, mwingine baba wa Kisukuma mwenye ng'ombe, mwingine mama wa makamo. Mjumbe hakuwauliza shamba ni la nani. Aliwauliza ng'ombe wakiingia kwenye mpunga ule, wao huenda kumwomba radhi nani.

Yule Msukuma akacheka kwa aibu, kwa sababu ng'ombe wenyewe ni wake.

"Huyu mama," akasema. "Na hanisamehegi."

Wengine wakasema vilevile. Wajumbe wakainamiana, wakanong'onezana, na yule mama mkubwa akatangaza kwamba shamba liandikwe jina la mjane. Baba mdogo akabaki amesimama kidogo, akafunga kifungo cha koti, akakaa. Sijui kama amesamehe. Bado akifika kwa mama anakaa kwenye kigoda kile kile, ila siku hizi anauliza habari za mvua tu.

Nilijisikia kama mtu aliyetuliwa gunia. Nilitaka kucheka, nilitaka kunywa maji. Mkutano ulipoisha foleni ikapangwa mezani kwangu, wengi wao wajane, na bosi akaniambia nianze. Nikaanza. Naandika namba ya shamba, naandika jina jipya, namwonyesha mwenyewe, anasoma au anasomewa, anatikisa kichwa, nabonyeza, anayefuata. Nilifanya hivyo kwa mwendo wa mtu anayepepeta mchele. Sikuwa natazama nyuso, nilikuwa natazama namba.

Mama akafika. Akakaa kwenye stuli, akaweka mikono magotini. Nikaandika namba ya shamba letu. Kamusi ikanionyesha kilichomo ndani, jina la baba, lote. Nikaandika jina la mama, lake la ubatizo na la baba yake mzazi, ambalo sijui lilitumika mara ya mwisho lini. Nikamsomea. Akasema ndiyo, ndilo hilo. Nikabonyeza. Nikaiuliza kamusi tena mbele yake ili aone, ikamtaja yeye.

Akasogeza uso karibu na skrini. Nilidhani anafurahia. Nikamwambia, "Basi mama, ni lako. Hakuna wa kukugusa."

Akaendelea kutazama.

"Na baba yako umemweka wapi?" akauliza.

Nilifungua mdomo nimjibu kitaalamu, kwamba ukiweka jipya chini ya ufunguo uleule la zamani linaondoka, na kamusi haiweki kumbukumbu ya kilichokuwepo. Nilikuwa nimeshawafundisha watu jambo hilo. Lakini aliyeniuliza alikuwa mama, na alikuwa anasubiri kweli, kama mtu aliyeuliza mtoto amelazwa wodi gani.

"Nimemtoa, mama," nikasema. "Ametoka. Hayupo tena humu."

Hakulia. Alishusha pumzi, akajifunga kitenge upya, akasimama kwa kushika ukingo wa meza.

"Basi ngoja nikamwambie mwenyewe," akasema. "Asije akasikia kwa watu."

Akaondoka akielekea makaburini, nyuma ya kanisa la kigango, hakusubiri niitikie.

Aliyemfuata kwenye foleni alikuwa ameshakaa kwenye stuli. Alikuwa yule aliyekosa la kusema mkutanoni, ambaye mwishowe wajumbe walimpa shamba lake. Alikuwa amesikia yote. Nikamtajia namba yake, nikaweka vidole tayari, naye akanyoosha mkono akaufunika wangu.

"Wa kwangu usimtoe kwanza, mwanangu," akasema. "Na mimi nikamuage."

Akanyanyuka. Nyuma yake mwingine akauliza kuna nini, akaambiwa, akatoka kwenye foleni. Kisha mwingine. Walikuwa wanatoka polepole, wengine wameshikana mikono, wanapita kwenye njia ile ile aliyopita mama, mpaka mbele ya meza yangu pakabaki stuli na wanaume wachache walioshangaa.

Bosi akaja mbio, akauliza wanaenda wapi na kazi haijaisha. Nikamwambia wamekwenda kwa waume zao. Kisha nikafunika kompyuta nikamfuata mama, maana na mimi nilikuwa sijamwambia baba.